Mguu wa Juu, Mguu wa Chini

Kabla hujamkabidhi mtu picha yake, hesabu vidole. Ukimaliza, hesabu tena. Katika miaka yangu yote ya kuchora watu wa milima hii, hakuna aliyenirudishia picha kwa sababu kivuli kimekaa vibaya. Walirudisha kwa sababu ya kidole kilichozidi, na safari moja kwa sababu ya mtoto aliyepungua. Familia ile ya Soni ilikuwa kubwa, nikahesabu mara moja tu nikajiona mjanja. Mtoto niliyemsahau leo ni mtu mzima, ana duka la mbolea na mbegu pale barabarani. Nikipita ananiita, "Mzee, shikamoo. Leo unaniona?"

Nawaandikia ninyi mnaoanza kuchora, hasa vijana wa huku kwetu Lushoto mnaochora kwa kidole kwenye kioo cha simu. Mmeniomba niwaeleze namna mchoro unavyoweza kusimulia habari ya familia, ya jikoni, ya shambani, mambo ya kila siku. Nitawaeleza ninachojua. Nitawaeleza pia habari ya mtu mmoja niliyeshindwa kumchora, mke wangu Penina, maana kazi hii niliielewa kwake kuliko kwa watu wengine wote niliowachora wakapendeza.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kuchora marehemu. Msishtuke. Zamani watu wengi huku walikuwa wanaondoka duniani bila kupigwa picha hata moja. Familia ikitaka sura ya kuweka ukutani inaniita, nakaa nao, wanasimulia, nachora. Kati ya msiba na msiba niliishi kwa mabango ya migahawa na kwa kuwachorea mlima wageni wanaokuja kutazama mandhari ya Irente. Mlima ni mteja mzuri, haulalamikii pua yake.

Siri ya kuuliza nilifundishwa na Mzee Singano, seremala wa Soni. Alitengeneza milango, vitanda na majeneza, na mimi nilikuwa nafagia maranda yake na kuiba penseli yake bapa ili nichore kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Watu wakija kuagiza jeneza, Mzee hakuwauliza marehemu alikuwa na urefu gani.

"Msiba unarefusha watu," aliniambia. "Ukiwasikiliza wafiwa, jeneza halitapita mlangoni."

Yeye aliuliza, "Alikuwa anainama mlango upi?"

Wafiwa watatazamana. Mmoja atasema, "Wa jikoni kwa dada yake. Kila akiingia, anainama." Mwingine atadakia, "Na siku ile ya ubatizo alisahau, akajigonga, chai ikamwagika yote." Watacheka kidogo. Mzee Singano atachukua kamba, atakwenda kwa huyo dada, atapima mlango. Sikumbuki jeneza lake lililomkataa mwenyewe.

Nilipoanza kuchora watu alinikalisha kwenye benchi lake. "Usiulize sura," akasema. "Sura kila mtu atakupa ya kwake. Uliza mlango."

Alisema kweli. Ukiuliza sura, unafungua soko. "Pua ilikuwa kubwa." "Kubwa ya nani? Labda hiyo ya upande wenu." "Fundi, punguza kidogo." "Akipunguza hapo si anakuwa shangazi?" Nimekulia soko la Soni, mama yangu akiuza karoti na kabichi, kwa hiyo najua anayesema "punguza" anataka nini. Mara nyingi hataki upunguze. Anataka umsikilize kwanza, halafu umpe bei ileile. Nilikuwa naifuta ile pua mbele yao, nawaacha waseme, naichora tena ilivyokuwa. "Hapo sasa," wanasema. "Ndiye."

Lakini sura siyo mtu, na hilo nililipata kwa aibu huko Lukozi.

Alifariki mkulima mmoja, mzee aliyelima viazi na maharage kwenye matuta ya mteremko mkali. Watoto wake walinisimulia siku nzima. Nikamchora wima, mkono umeshika jembe, kofia ya kanisani kichwani. Nilihesabu vidole mara mbili. Nilijiridhia mwenyewe. Mjane akaletewa ile picha, akaishika mbali, akaishika karibu.

"Huyu ni nani?"

"Ni mzee, mama."

"Sura ni yake," akasema. "Lakini huyu ni mtu wa nyika."

Nyika, kwa sisi wa milimani, ni kule chini, Mombo na kuendelea, kwenye joto na ardhi iliyolala. Nikamwambia kwamba marehemu nimemchora shambani kwake.

"Shamba lipi hilo?" akaniuliza. "Amesimama kama mtu anayesubiri basi. Mume wangu hajawahi kuwa na miguu iliyolingana."

Akatoka nje, mjane yule, kanga ya msiba bado kiunoni. Akapanda tuta la kwanza nyuma ya nyumba, akasimama kukabili mlima. Mguu mmoja ulikuwa juu, goti limekunjika. Mwingine ulikuwa chini, umenyooka, kisigino kimejichimbia. Nyonga moja ilikuwa imepanda, bega la upande wa pili limeshuka kuweka mizani. Hakuwa anaigiza. Alikuwa amesimama tu, kama tunavyosimama sote huku, na mimi niliyezaliwa kwenye mteremko huohuo nilikuwa sijawahi kuona.

"Umeona?" akasema. "Mguu wa juu, mguu wa chini. Hivyo ndivyo nilivyomkuta na hivyo ndivyo alivyoniacha."

Nikaichana ile picha, nikaanza upya kuanzia kwenye visigino. Mtoto wake mkubwa alipoiona ya pili alitoka kwenda kuangalia ng'ombe ambao nadhani hawakuwa na shida yoyote.

Kwa hiyo kijana, usianze na macho. Najua macho yanavutia, na simu zenu zinawasaidia kuyang'arisha. Anza na ardhi. Jiulize mtu wako amesimama juu ya nini, na hiyo ardhi imemfanya nini mwilini. Mzigo alioubeba mama kichwani hauchorwi kichwani. Unachorwa kwenye kifundo cha mguu. Ukitaka kujua kama mchoro wako unasema kweli, ufunike kuanzia magotini kwenda juu, umuulize mtu: huyu amebeba kitu au hajabeba? Akisita, rudi kazini.

Penina alikuwa hajui kushika penseli ila ya kuandikia jina kwenye magunia ya viazi, lakini ndiye aliyekuwa anakagua kazi zangu zote kabla hazijatoka nyumbani. Aliangalia akiwa anafanya kitu kingine. Hakuna siku aliyoshika mchoro wangu kwa mikono miwili. Mmoja ulikuwa na unga, au mtoto, au sikio la sufuria.

Mara ya kwanza nilimwonyesha jiko la jirani nililolichora. Mafiga, moto, sufuria, mama na watoto wake wameuzunguka. Akatupa jicho.

"Hiyo sufuria ina nini?"

"Ni sufuria tu, Mama Tumaini."

"Basi hata wao hawajui watakula nini. Ndiyo maana wamekaa kama wako kwa daktari."

Nikaudhika, kama mlivyo ninyi mkiambiwa. Halafu nikarudi kwa jirani nikauliza. Siku ile ilikuwa bada, ugali wa muhogo, na kisamvu, na mtoto mmoja alikuwa hapendi kisamvu. Nikachora upya. Mkubwa amesogea karibu na moto na kibakuli mkononi. Yule asiyependa amegeuza mgongo, anachezea kijiti. Mama anamwangalia huyo tu. Sufuria ilikuwa imefunikwa, hakuna anayeona kisamvu, lakini kila aliyeangalia ule mchoro alisema, "Leo kuna mtu hatakula." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nachora watu na vyombo, nikadhani nimechora familia.

Siku nyingine alinikamata na mama mwingine, jirani tena, niliyemchora akichota maji. "Mtoto wake yuko wapi?" akauliza. Nikasema mtoto amebaki nyumbani. "Basi mnyooshe mgongo," akasema. "Umemwacha mtoto nyumbani, ukamwachia mama uzito wake." Nikampinga. Nikasema mwanamke aliyebeba mtoto kila siku mgongo wake unakumbuka. Akafikiri, akageuza ugali. "Haya," akasema. "Hapo umenishinda. Lakini usizoee." Ni mara moja tu alisema vile, na nilihakikisha nimesikia sawasawa.

Yeye mwenyewe hakukubali kuchorwa. Nilijaribu kila mlango wa kuingilia. Nilimbembeleza, nikakasirika, nikajifanya sitaki. Siku zote alikuwa na maharage ya kuchuma, kabichi za kuwahi gari, mtoto wa mtu wa kuogeshwa.

"Kaa kidogo tu," namwambia.

"Nikikaa nani atavuna?"

"Mistari michache."

"Wewe na mistari yako michache. Mzee wa Lukozi ulimmaliza siku ngapi?"

Mwishoni tukapatana. Mimi ni mtu wa sokoni, nikikosa chote nachukua nusu. Tukakubaliana kwamba siku atakapozeeka akakaa, nitamchora mpaka nichoke mimi. "Nitakaa pale," akasema, akanyoosha kidole kwenye kigoda chini ya dirisha la jikoni, "nitavaa kitenge cha Krismasi, na sitatikisika." Nikaridhika. Nikaendelea kuchora watu wengine.

Hakufika kwenye kigoda. Aliugua msimu wa mvua, akapelekwa hospitali, akarudishwa nyumbani tukiwa tumeelezwa kwa upole kwamba ni heri awe nyumbani. Alasiri moja nilikuwa nimekaa kando ya kitanda. Alikuwa amelazwa kwenye mito, mikono juu ya blanketi, mitupu yote miwili, kitu ambacho nilikuwa sijawahi kukiona. Sikufikiri. Mkono wangu wenyewe ulikwenda mfukoni ukatoa penseli.

Alifumbua macho akaiona.

"Hapana, Baba Tumaini," akasema. "Tulikubaliana nikikaa. Hatukukubaliana nikiangushwa."

Nikairudisha penseli mfukoni. Hayo yalikuwa mapatano yetu ya mwisho, na ndiyo pekee ambayo sikuongeza neno.

Baada ya maziko niliacha kazi. Watu wanasema ni umri, nami nawaacha waseme. Ukweli ni kwamba watu walikuja kuniita kama kawaida, mimi nakwenda, nakunywa chai, nauliza mlango, halafu nikishika penseli uso unaokuja ni wa mtu asiyehusika. Na nikikaa nyumbani kumchora mwenyewe, hakuja. Nilikuwa na picha yake moja, ya kitambulisho, ambamo anaonekana kama mtu aliyeambiwa arudi kesho. Nikiiangalia ile, nazidi kumpoteza. Pua naijua, nyusi nazijua, pengo la jino nalijua liko upande gani. Nikiviweka pamoja anatoka mwanamke mzuri ambaye sikumwoa. Nilianza kuogopa kwamba nikiendelea kujaribu, yule mwanamke wa karatasi atakuja kukaa mahali pa Penina kichwani mwangu, na sitaweza tena kumtoa.

Mwaka ukazunguka. Ikakaribia ibada ya kumbukumbu, ya kumshukuru Mungu kwa maisha yake, na binti yetu Tumaini akataka picha ya kuweka mezani. Kijana wetu Yohana alipanda kutoka Tanga. Alikuwepo pia Damari, mdogo wake Penina, ambaye amekuwa akinitania tangu siku ya posa na hajapumzika. Mchana wa kuamkia ibada tulikuwa sebuleni. Damari alikuwa anachambua maharage kwenye ungo.

"Shemeji," akasema, "umewachora watu wote wa Lukozi, mpaka mbuzi wa mchungaji. Dada yangu alikukosea nini?"

"Mbuzi alikubali kusimama."

"Na dada alikubali kukupikia."

Yohana akasema si lazima, studio ya mjini wanaweza kuikuza ile ya kitambulisho, wakaongeza na maua pembeni. Tumaini akamwangalia ndugu yake kwa namna ambayo ilikuwa ya mama yake kabisa, ikapita kabla sijaishika. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele yangu.

"Baba, ungekuwa umeitwa kwenye nyumba ya watu, ungeanzaje?"

"Ningeomba chai."

Akaniletea chai. Akakaa tena. Alikuwa amenisikia tangu utotoni nikiuliza wafiwa, tulipokuwa tunamchukua misibani kwa kukosa pa kumwacha.

"Mama alikuwa anainama mlango upi?"

"Mama yenu alikuwa mfupi," nikasema. "Hakuna mlango uliomwinamisha."

"Hata mmoja?"

Nikataka kusema hata mmoja. Halafu nikaona tawi.

"Kwenye ule mparachichi," nikasema. "Pale kona, njia ya kutoka shamba la chini. Siyo kwa urefu wake, kwa sababu ya mzigo."

"Alikuwa anainamaje?" akauliza Yohana.

"Hainami. Mwenye mzigo kichwani akiinama anamwaga. Anashuka." Nikaona hawaelewi, au labda ni mimi nilikuwa bado sijaelewa, nikasimama. "Shingo inabaki ilipo. Magoti ndiyo yanayokunjika. Mguu wa juu unatangulia kwenye lile jiwe, mguu wa chini unamshika nyuma, halafu anashuka wote kwa pamoja, kapu linapita chini ya tawi bila kugusa jani, halafu anapanda tena."

"Weka kitu kichwani, shemeji, tusikie vizuri," akasema Damari. Akamwaga maharage mezani, akanipa ungo mtupu. Nikauweka. Mzee mzima, kwenye sebule yangu, nikashuka kwa magoti chini ya tawi ambalo halikuwepo, nikapanda. Yohana alianza kucheka akaacha. Magoti yangu yaliuma, na katika kuuma kule nilijua kwamba ndivyo hasa alivyokuwa akifanya, na kwamba yake pia lazima yalikuwa yanauma.

"Na uso, baba?" akauliza Tumaini, pole pole. "Alikuwa anaangalia wapi?"

"Mbele. Njiani."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma yake."

"Umebeba nini?" akadakia Damari.

"Majembe."

"Na penseli."

"Na penseli," nikakubali.

Mnazijua njia zetu, hazibebi watu wawili sambamba. Mwenye mzigo anatangulia kwa sababu ndiye anayepanga mwendo, mwingine anafuata. Maisha yetu yote ya ndoa nilikuwa nimemfuata yule mwanamke kupanda na kushuka. Uso wake niliupata mezani, kwa kuibia, ukiwa na moshi au umegeukia kwa mtoto. Kisogo chake, mgongo wake, ule mkono mmoja ulioinuliwa kushika ukingo wa kapu, vile visigino vilivyopasuka, hivyo ndivyo vilivyokuwa vyangu. Mwaka mzima nilikuwa natafuta kitu ndani ya nyumba ambamo hakikuwahi kukaa.

Nilianza na kifundo cha mguu wa chini. Tumaini alishika taa ya simu karibu na karatasi kwa sababu mawingu yalikuwa yameshuka dirishani kama kawaida yake. Hakuna aliyesema punguza, hakuna aliyesema ongeza, ila Damari mara moja: "Ngata yake ilikuwa inakaa upande. Kushoto." Nikaisogeza ngata, kile kitambaa cha kuwekea mzigo, na kapu likakaa sawa. Nilipomaliza ule mkono wa juu nikahesabu vidole. Nikahesabu tena, ingawa nilikuwa najua, kwa sababu sikutaka kumaliza.

Asubuhi watu waliokuja kwenye ibada waliikuta mezani, karibu na Biblia na maua ya bustani. Mwanamke mfupi amewapa mgongo, yuko katikati ya kushuka chini ya tawi, mguu wa juu kwenye jiwe. Hakuna aliyeuliza ni nani. Wachache walisogeza viti kama watu wanaompisha mtu njiani.

Damari aliingia wa mwisho. Alisimama mlangoni, akaiangalia kwa muda, kisha akasema, kwa sauti ile tunayoitumia njiani tukiwa nyuma ya mtu, "Dada, punguza mwendo."

Hakuna aliyecheka. Nadhani sote tulisubiri kidogo. Hakupunguza, na hakuwahi kupunguza.

Iko ukutani sasa, juu ya kigoda. Mkija kunitembelea mtaiona, na mtaniambia kama visigino viko sawa. Mapatano yetu yalikuwa nimchore siku akikaa. Hakukaa, kwa hiyo nimemchora bila ruhusa, na kama ana la kusema, itabidi ageuke.